HERUFI YA DHADI NA SALA YA MUISLAMU

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Jueni, enyi ndugu, ya kuwa mtu wa Unguja husema Ramadhani, na adhuhuri, na adhana, kwa sauti moja. Kwa Kiarabu hizo ni herufi tatu: Ramadhani ni kwa dhadi, adhuhuri kwa dhaa, adhana kwa dhali. Hata Forodhani, wapumzikapo watu jioni, asili ya jina lake ni dhadi. Katika mazungumzo hapana madhara, kwani Kiswahili kina desturi yake. Madhara yamo katika Fatiha.

Makhraji ya dhadi ni ubavu wa ulimi pamoja na magego ya juu. Ndivyo alivyoeleza Sibawayhi katika karne ya 2 ya Hijria, na ndivyo wafundishavyo walimu wa tajwidi hata leo. Sauti hiyo ni adimu katika ndimi za watu, nayo ina ujamaa na lamu. Ndipo Wahispania walipolipokea neno kadhi wakasema alcalde, na Wamalayu walipoipokea ridhaa wakasema rela. Waarabu wengi wa leo huitamka kama dali nzito, na wengine kama dhaa. Sauti nyingine za ubavu wa ulimi zingaliko kwa Wamahri na Wasokotri wa kusini mwa Arabuni, na huku bara kwa Wairaqw wa Mbulu na Wasandawe. Basi asidharauliwe mtu kwa lugha yake. Tofauti za ndimi zimetajwa katika Sura ya Rum kuwa ni katika ishara za Mola.

Fatiha ina dhadi mbili, zote katika aya ya mwisho. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ametaja katika Minhaji ya kuwa mwenye kubadili dhadi kwa dhaa hakisihi kisomo chake, kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Na maana nayo hugeuka: waliopotea huwa wenye kushinda mahali. Hukumu hiyo yamhusu mwenye uwezo wa kujifunza. Ama yule ambaye ulimi wake umekataa baada ya kujitahidi, huyo ana udhuru, na sala yake yasihi.

Wala kusikiliza peke yake hakutoshi, kwani sikio lililolelewa na Kiswahili husikia dh moja. Na akae mtu mbele ya mwalimu, atazame kinywa chake, asome, arudishwe, asome tena. Mwenye mvi asione haya kukaa chuoni pamoja na watoto. Haya kubwa ni kusimama mbele ya Mola mara tano kila siku kwa Fatiha isiyotimia, na hali mwalimu yuko mtaa wa pili.

Wabillahi taufiki.