Boga Lililopasuka na Mbegu Zake

Ua jike la boga hufunguka mara moja tu. Hukunjuka alfajiri, na kufika adhuhuri limeshafumba. Ndiyo maana mkuzaji wa maboga makubwa hulivika mfuko jioni ya kuamkia siku hiyo, nyuki wasije wakamtangulia. Kukipambazuka huchuma ua dume kwenye shina alilolichagua, huling'oa petali, kisha hupaka chavua ndani ya ua jike kwa mkono wake, taratibu, na kulifunga tena. Tangu saa hiyo anawajua mama na baba wa kila mbegu itakayopatikana. Boga lenyewe litakuwaje, hilo hana habari nalo.

Si boga la kuungwa kwa tui la nazi likaliwa futari. Nyama yake ni maji na nyuzi. Hukuzwa kwa sababu moja: lipandishwe kwenye mizani.

Howard Dill, mkulima wa Windsor katika jimbo la Nova Scotia, Kanada, hakuwa mwanasayansi wa chuo kikuu. Kwa takriban miaka 30 alizalisha na kuchagua mbegu msimu hadi msimu, mpaka akapata aina iitwayo Atlantic Giant, akawa bingwa wa dunia miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Kabla yake mambo yalijikokota: boga la kilo 183 la William Warnock wa Ontario lilikalia rekodi tangu mwanzoni mwa karne ya 20 hadi 1976. Mbegu za Dill zilipoenea, mwendo ukabadilika. Mwaka 1996 likapimwa boga la kilo 481 Marekani. 2014 Beni Meier wa Uswisi akafika kilo 1,054. Na Oktoba 2025 pacha wa Kiingereza, Stuart na Ian Paton, wakaweka kilo 1,278.8, baada ya kulima maboga haya kwa zaidi ya nusu karne.

Je, mafanikio hayo ni ya elimu au ya bahati?

Mwaka 2015 watafiti walichapisha ulinganisho wa maboga haya na jamaa zake wadogo. Majani ya boga kubwa hayakuonekana kutengeneza chakula kwa ufanisi zaidi. Tofauti ilikuwa kwenye njia ya kukisafirisha: boga kubwa lina tishu nyingi zaidi za mirija inayopeleka sukari kwenye tunda. Wakulima walikuwa wakiangalia uzito tu, na kumbe miaka yote hiyo mikono yao ilikuwa ikichagua mirija wasiyoiona. Walikuwa na elimu ambayo wenyewe hawakuweza kuieleza, nayo ilikuwa elimu ya kweli.

Wasomaji wengi Waislamu wanakijua kisa kilichomo katika Sahih Muslim. Mtume Muhammad (S.A.W.) aliwapita watu wa Madina wakichavusha mitende kwa mkono, akaonyesha kwamba haoni faida yake. Wakaacha. Mavuno yakapungua, naye akawarudishia jambo hilo wenyewe, kwa kuwa mambo ya dunia yao wao ndio wanaoyajua zaidi. Kisa hiki kina uzito mkubwa kwa anayefikiri kuhusu majaliwa. Waliopaka mitende chavua hawakupungukiwa imani kwa kuipaka, na walioacha hawakuongezewa tende kwa kuacha. Kutawakali kulikuwa na mahali pake, na ujuzi wa mkono nao ulikuwa na mahali pake.

Hata hivyo, ujuzi huo una ukomo unaouma. Boga likiwa katika kilele cha kukua huweza kuongeza zaidi ya kilo 20 kwa siku moja, na ganda lake hulazimika kutanuka kwa kasi hiyohiyo. Asubuhi moja mwenye shamba anainama, anakuta ufa mwembamba kama uzi karibu na kikonyo. Anaufuata kwa kidole. Ukiwa umefika kwenye uwazi wa ndani, mashindano yamekwisha. Jana mvua ilinyesha hapa. Kwa jirani haikunyesha.

Watu huzichukulia elimu na bahati kama ndugu wanaogombea shamba moja: huyu akisogeza mpaka, yule anapungukiwa. Maboga yanaonyesha vingine. Zamani mwenye mbegu bora alimshinda asiye nayo. Siku hizi washindani wakubwa wanapanda mbegu za ukoo mmoja, wanapima udongo maabara, wanabadilishana mbegu kwa posta. Kadiri wanavyokaribiana kwa ujuzi, ndivyo mvua ya siku moja inavyoweza kuamua nani awe wa kwanza. Elimu imewainua wote, ila nafasi ya kwanza imeiachia bahati. Pacha wale wanaweza kudai jasho la nusu karne kuwa lao. Tofauti ndogo iliyowatenga na boga la pili duniani, hiyo ni zawadi, wala si aibu kuiita hivyo.

Jambo la kutia moyo ni jinsi wakuzaji wenyewe wanavyolishughulikia boga lililopasuka. Hupimwa kama mengine, na uzito wake huandikwa pamoja na alama ya kuonyesha kuwa limeharibika. Tuzo halipati. Kisha hukatwa, mbegu zikatolewa, zikaoshwa, zikaanikwa zikauke. Kwenye bahasha huandikwa uzito, jina la ukoo la mkulima, mwaka, mama na baba, na ile alama. Mkulima wa nchi nyingine akiipokea bahasha hiyo anasoma uzito, anasoma wazazi, na majira ya chemchemi yakifika anaichomeka mbegu udongoni.