Mali Isiyo na Mwenyewe

Yako maswali ambayo mtoto huyauliza kwa maneno machache, na mwalimu huyatafutia jibu siku nyingi. Nawaletea mojawapo.

Jumamosi moja, mwisho wa mwezi wa Machi, niliwapeleka watoto wa darasa langu ukingoni mwa mto Lualaba, hapa Kindu, tuwatazame ndege wanaojitayarisha kwa safari. Ndiyo majira ambayo baridi inakwisha huko Ulaya, na mbayuwayu waliokaa kwetu tangu Septemba hurudi huko kujenga viota na kuzaa. Tuliwaona wakiruka chini chini juu ya maji, wakidaka wadudu. Nikawaeleza watoto jinsi ndege hawa watakavyovuka misitu yetu, kisha jangwa la Sahara, kisha bahari, ingawa mmoja wao ana uzito wa gramu 20 tu hivi. Nikawakumbusha ya kwamba nabii Yeremia aliwasifu mbayuwayu na korongo kwa kuyajua majira yao.

Mara nikasikia mlio wa manati. Mbayuwayu mmoja aliyetua juu ya mti mkavu akaanguka. Nikamkemea vikali mtoto aliyempiga. Hakukana. Akaniuliza kwa heshima: «Mwalimu, nikiua kuku wa jirani nitalipa, kwani kuku ana mwenyewe. Ndege huyu mwenyewe ni nani?»

Nilinyamaza, maana swali lake lilikuwa na haki. Mvuvi atoaye samaki mtoni hatumwiti mwizi. Basi, je, kitu kisicho na mwenyewe si mali ya yule anayekiwahi?

Jibu langu la kwanza nalitoa katika kisa cha kweli. Mwaka 1822, karibu na mji wa Klütz katika Ujerumani, korongo mmoja alipigwa risasi. Walipomwokota, waliona mkuki wa Kiafrika umepenya shingoni mwake. Alikuwa amesafiri nao mpaka Ulaya, na mwili wake umehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Siku zile wataalamu wa Ulaya walikuwa wakibishana ndege huenda wapi wakati wa baridi, na mkuki ule uliwajibu. Baadaye watu waliwavika ndege pete ndogo miguuni: mbayuwayu aliyevikwa pete Uingereza mwezi wa Mei 1911 alipatikana Natal, Afrika ya Kusini, mwezi wa Desemba 1912.

Mfikirieni korongo yule. Aliyemchoma mkuki huku kwetu alimdhani ni wake. Aliyempiga risasi kule Ujerumani alimdhani ni wake vilevile. Hawakuonana kamwe, na kila mmoja alinyosha mkono juu ya kitu ambacho mwenzake naye alikuwa na fungu ndani yake. Ndivyo ilivyo chemchemi ya kijiji. Haina mwenyewe; lakini aichafuaye amewakosea wote wanaokuja na mitungi, hata yule ambaye bado yuko njiani. Kitu kisicho na mwenyewe kina wenyewe wengi, na baadhi yao hatutawaona machoni.

Hilo nilimweleza yule mtoto, nikadhani nimemaliza kazi yangu. Lakini tulipokuwa tukirudi nilimwona amemtia ndege yule mfukoni. Nikamwuliza kwa nini hakumtupa. Akajibu: «Ni mboga ya mdogo wangu.»

Ndugu zangu, neno lile lilinichoma. Nilikuwa nimemhukumu kama mtu anayeua kwa mchezo, wala sikumwuliza alikula nini asubuhi ile. Mwenye njaa anayetafuta chakula na mwenye shibe anayeua kwa kujifurahisha hawalingani mbele ya haki. Katika pwani ya Misri nyavu ndefu hutegwa, zikanasa ndege wasafiri. Na katika nchi nyingine za bahari ile ndege huuawa kwa starehe tu. Mizani ya mtoto wetu haiwezi kuwa nzito kuliko ya hao.

Je, nilikosea kumfundisha? Hapana, chemchemi bado ni ya wote. Ila nilifundisha nusu tu. Nilimtaka amkumbuke jirani asiyemwona, ng'ambo ya bahari, nami nikamsahau jirani aliye mbele yangu. Amwambiaye mtoto mwenye njaa, «Mwache ndege apite,» anamwomba atoe sadaka kwa ajili ya watu wote. Sadaka ya watu wote haifai kulipwa na mtoto peke yake. Aliyeshiba ndiye atangulie kulipa, kwa bakuli la unga kabla ya somo lolote.

Septemba mbayuwayu watarudi Lualaba, nami nitawapeleka watoto tena kuwatazama. Lakini kwanza nitauliza nani hajala. Nawe, msomaji, katika mji wako, nani anailipa sadaka yako?