Muulizeni Bibi Angali Hai

Wanangu, nimehudhuria hitma nyingi za bibi zetu wa shamba, na nimechoka kusikia maneno yale yale. Alikuwa mtu wa watu. Alikuwa na subira. Akiwapenda wajukuu. Kisha tunaitikia dua, tunakula, tunapanda gari kurudi mjini. Hakuna anayesema marehemu alilima nini, konde lake lilikuwa upande gani, mbegu aliipata kwa nani. Mtu ameshika jembe tangu usichana wake mpaka mgongo umepinda, na siku anayokumbukwa jembe halitajwi. Mimi naiona hiyo ni dhuluma. Nyinyi mnaoshinda hapa sokoni Darajani mnaweza kuiondoa, maana baadhi ya bibi hao wako hai na simu za kurekodia mnazo mifukoni.

Soko hili lilijengwa mwaka 1904, na tangu hapo linalishwa na shamba. Muhogo, ndizi, kisamvu, mabungo, ndimu, vyote vimepita katika mikono ya wanawake kabla ya kufika kwenye meza zenu. Tukisimama mbele ya fungu la muhogo tunauliza bei, tunaomba kupunguziwa, basi.

Mama yangu mkubwa alikuwa wa Bumbwisudi. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 serikali ilipogawa ardhi eka tatu tatu, fungu la nyumba yao lilikuwa na minazi na mikarafuu iliyokwisha kuzeeka. Jina lililoandikwa lilikuwa la mumewe. Aliyeifanya ardhi ile ilishe watu ni yeye. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, chakula kilipoadimika na sisi wa mjini tukawa tunapanga foleni kwa ajili ya mchele na unga, muhogo wake ndio uliotuvusha. Hakutusimanga hata siku moja.

Lakini kazi aliyoiheshimu kuliko zote ni mpunga, na hapo nataka msikilize vizuri. Mpunga ukishatia maziwa, ndege huja makundi kwa makundi kuzifyonza punje. Ukichelewa kidogo asubuhi, unakuta mashuke yamesimama lakini ni makapi matupu. Kwa hiyo mama mkubwa alitoka nyumbani kiza hakijaondoka, akapanda dungu, na akaamia mpaka ndege waende kulala. Alikuwa na debe bovu la kugonga na kombeo la ukili, na udongo alioufinyanga vidonge jioni ya nyuma ili usiku uvikaushe. Hakurusha ovyo. Alisubiri kundi linyanyuke upande mmoja, akalielekeza nje ya bonde, kwa sababu ukiwatisha ndege katikati wanatua kwenye konde la jirani, na jirani huyo ndiye atakayekusaidia kuvuna. Nilikaa naye pale juu nikiwa kijana, jua la utosini, na sikupata kumwona amekaa bure: macho bondeni, vidole vinasuka ukili wa mkeka.

Na alijuaje siku ya kupanda? Alihesabu miongo. Anaanzia Siku ya Mwaka, ile ambayo Makunduchi wanaikoga mwezi wa Julai, halafu anakwenda siku kumi kumi. Kutoka hapo hadi masika yanapokaribia katika mwezi wa Machi ni miongo kama ishirini na nne. Huku anahesabu, anautazama upepo: kaskazi inalegea au bado? Mawingu yanajikusanya wapi? Hesabu peke yake haikumtosha, upepo peke yake haukumtosha. Hiyo ni elimu, wanangu. Wenye kuijua vizuri wanapungua kila mwaka, na sisi tunasema marehemu alikuwa na subira.

Tazameni mfano wa yule mwimbaji, Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, katika nyumba ya wakulima na wafinyanzi, akatembeza vyungu mjini kabla ya sauti yake kumfikisha Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Tunayajua maisha yake ya utotoni kwa sababu mwandishi Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Fumba ile ile ilikuwa na wanawake wengine waliofinyanga na kulima kama mama yake. Wako wapi? Hawakupata wa kuwaandika, hilo tu.

Wala msidhani nawatuma kwa wazee wa zamani tu. Wanawake walioingia baharini Paje na Jambiani mwaka 1989, kilimo cha mwani kilipoanza, sasa wana wajukuu. Wanajua bamvu na maji mafu, wanajua mwaka ambao mwani wa kotonii ulianza kuoza kwenye kamba maji yalipozidi joto. Hao nao wataondoka.

Sasa, mkienda, msiende na maswali ya mikutano. Ukimuuliza bibi maisha yalikuwaje, atakujibu Alhamdulillahi, na mazungumzo yamekwisha. Mpe shikamoo yake, mpelekee sukari na majani ya chai, umfuate kondeni. Mpokee jembe. Muulize kuhusu kilichoko mkononi mwake wakati huo: kwa nini tuta hili liko juu kuliko lile, kwa nini jani hili halipendi. Wanawake waende pia, maana yako mambo ya uzazi na ya ndoa ambayo hatayasema mbele ya mwanamume. Msiogope machungu, mume aliyeuza mavuno bila kumwambia, mtoto aliyemzika msimu wa kupalilia, hayo ni maisha yake na ana haki ya kuyasema. Ila akisema hili lisitoke nje, lisitoke.

Mkirudi, andikeni usiku huo huo. Siku Mungu atakapomchukua, mmoja wenu asimame kwenye hitma asome yale aliyoruhusu, dakika tano zinatosha.

Na kabla hujaondoka kule, mwombe mbegu. Akuchagulie shina la muhogo, akate pingili mwenyewe, akuonyeshe macho yaelekee wapi na uilaze namna gani. Halafu panda mbele yake, akukosoe.