Maisha Marefu ya Gari la Posta

Magari meupe ya posta ya Marekani, yale yenye umbo la sanduku, yanajulikana kwa herufi LLV, kifupi cha jina lenye maana ya gari la maisha marefu. Bodi yake iliundwa na Grumman, kampuni ileile iliyotengeneza chombo kilichowashusha wanaanga mwezini mwaka 1969. Kile cha mwezini kilitakiwa kufanya kazi siku chache tu. Hili la barua lilipangiwa miaka 24. Yalitengenezwa zaidi ya 140,000 kati ya 1987 na 1994, kwa hiyo hata lile la mwisho kabisa lilistahili kupumzika mwaka 2018. Maelfu kwa maelfu bado yako barabarani.

Mtu aliyekulia Tanzania kama mimi ana sababu za kulipenda gari hili. Kwanza usukani uko kulia, kama nyumbani. Halafu sisi ni watu wa gereji. Gari lililochokwa Japani linaanza maisha mapya kwetu, na fundi anayechonga spea isiyopatikana tunamwita mtaalamu bila kumuuliza cheti. Tumelelewa na usipoziba ufa utajenga ukuta. Chesisi ya LLV ilitokana na Chevrolet S-10, gari lililoacha kuundwa mwaka 2004, lakini mafundi wa Posta wameendelea kuliwasha kila asubuhi. Bodi ni ya alumini, kutu haiiwezi. Yako yaliyobadilishiwa fremu nzima. Katika dunia inayotupa simu kila baada ya miaka miwili, ningeweza kuishia hapa na kuutungia utenzi ukarabati.

Ila ndani ya gari kuna mtu. Gari halina kiyoyozi, lina feni ndogo juu ya dashibodi. Halina mifuko ya hewa ya kumkinga dereva likigongwa. Ile alumini isiyopata kutu, ukiianika kwenye jua la Julai, ni sufuria, na joto la ndani hulizidi la nje. Mwaka 2018, wakati wa wimbi la joto huko California, mgawa barua mmoja alikutwa amefariki ndani ya gari lake. Na kwa miaka hii yote mamia ya magari haya yameshika moto.

Basi tunaposema gari limetunzwa, nani ametunzwa? Kiraka kina bei, na bei hiyo haipotei kwa sababu tu haimo kwenye hesabu za mwaka. Mwenye gari anaokoa fedha. Dereva anailipa tofauti kwa jasho, kwa kizunguzungu, kwa figo zake. Nimegundua kwamba sisi tunaosifu vitu vya kale vinavyodumu ni nadra kuwa ndio tunaovipanda saa nane mchana.

Posta ya Marekani kwa kawaida huendeshwa kwa mauzo ya stempu na huduma zake, si kwa kodi. Mwaka 2006 Bunge lilipitisha sheria iliyoilazimu kutenga zaidi ya dola bilioni 5 kwa mwaka kwa ajili ya matibabu ya wastaafu wake wa baadaye, sharti lililofutwa mwaka 2022. Mzigo huo hutajwa sana kati ya sababu za Posta kukosa fedha za magari mapya. Yaani afya ya mstaafu wa kesho iliwekewa akiba, huku mfanyakazi wa leo akiokwa.

Mkataba wa magari mapya ulitolewa kwa Oshkosh Defense mwaka 2021, na hapo ukazuka ubishi ulioniudhi. Gari jipya la petroli lingekwenda maili 14.7 kwa galoni, lakini kiyoyozi kikiwashwa, 8.6 tu. Walioikosoa namba ile hawakukosea. Tabianchi inawahusu wagawa barua kuliko wengi wetu. Kilichoniudhi ni kusikia ubaridi wa dereva ukizungumziwa kama anasa. Baadaye, baada ya kesi mahakamani na fedha kutoka Bungeni, Posta ilitangaza mpango wa kupata magari 66,000 ya umeme kufikia 2028. Kumbe ilikuwa inawezekana kulipa kwa betri badala ya kulipa kwa mwili wa mtu.

Na mimi nimo. Dar tunaifuata barua wenyewe kwenye sanduku la posta. Hapa naletewa mlangoni siku sita kwa wiki, sawa na anwani nyingine zaidi ya milioni 160. Sijawahi kuuliza imefikaje.

Swali linalonisumbua zaidi ni la fundi. Angekuwa mzembe, magari yangekufa mapema na mapya yangenunuliwa mapema. Je, ustadi wake umechelewesha haki? Siwezi kumlaumu. Akikataa kufunga breki leo, anayeumia ni dereva wa leo, si mbunge. Aliziba ufa uliokuwa mbele yake, wengine wakautumia ustadi wake kama kisingizio cha kutojenga ukuta. Wala haikuwa siri. Wakaguzi waliandika ripoti kwa miaka mingi kwamba magari yamezeeka. Umri uliotarajiwa ukasogezwa kutoka miaka 24 hadi 30. Feni ikabaki ileile.