Ujasiri kwa Sekunde 45

Mtihani wa Professional Scrum Developer, unaotolewa na shirika la Scrum.org, una maswali 80 ya kujibiwa kwa dakika 60, na hafaulu asiyefikisha asilimia 85. Ukipiga hesabu, kila swali lina sekunde 45, na makosa yasizidi 12. Mtahiniwa huufanya peke yake kwenye kompyuta. Lakini kinachopimwa ni kazi ya timu inayofuata Scrum, utaratibu wa kutengeneza bidhaa kwa vipindi vifupi viitwavyo sprinti, na mwongozo wake ulioandikwa na Ken Schwaber na Jeff Sutherland, toleo la 2020, unataja tunu tano za kazi hiyo: kujitoa, kuzingatia lengo, uwazi, heshima na ujasiri. Je, tunu inayoishi baina ya watu yaweza kupimwa ndani ya mtu mmoja? Naona haiwezekani, ingawa mtihani wenyewe siuiti upuuzi.

Tuchukue kanuni moja tu ya Scrum. Kazi isiyotimiza vigezo vya ukamilifu haitolewi kwa watumiaji, wala haionyeshwi kwenye kikao cha kukagua sprinti. Swali la kanuni hiyo ni la kupata bila jasho. Sasa mweke huyo aliyelipata mbele ya bosi Ijumaa jioni, majaribio mawili ya programu bado yanafeli, na mteja keshaahidiwa Jumatatu. Jibu analijua, kinachotakiwa ni kifua cha kulitamka, na wenzake wasiomruka akishalitamka. Mwanazuoni wa Kiislamu Al-Ghazali, katika kitabu chake al-Munqidh min al-Dalal, alitenganisha kuijua afya na kuwa nayo: tabibu anayeumwa anajua afya ni nini na dawa zake ni zipi, ila mwenyewe hana. Cheti cha mtihani huu nacho kinashuhudia utabibu. Kuhusu uzima wa mwenye cheti kimenyamaza.

Wapo watakaosema kwamba bila karatasi tutarudi kwenye kujuana, na kijana asiye na mjomba ofisini anastahili kipimo kisichouliza yeye ni mtoto wa nani. Hoja hiyo ni nzito, na naikubali yote. Lakini inatetea mtihani, haitetei namna wengi wanavyojiandaa: kukariri mafungu ya maswali hadi jibu lijitokeze lenyewe. Ipo njia nyingine: ukijiandaa na mwenzako, mnaandika jaribio la programu kwanza, mnaliona likifeli, mnaandika msimbo wa kulipitisha, kisha mnausafisha huku mwenzako akikuuliza kwa nini. Ni kweli njia hiyo inakula muda, na alama haiongezi sana. Ila mkariri hujizoeza kuficha asichokijua, ilhali kikao cha Scrum cha kila siku, cha dakika 15, kinamtaka aseme waziwazi, “hapa nimekwama.” Mwajiri anayetaka kujua kama ataweza kulisema hilo hana budi kumkalisha na timu wiki kadhaa, kisha awaulize wenzake, cheti akiwa amekwisha kukiona.