Kunguru wa Chorus

Bonde limezungukwa na majabali pande zote. Upande mmoja kuna kambi ya Wekundu, upande wa pili kambi ya Wabuluu. Askari wawili Wekundu wamesimama juu ya paa la kambi yao, na mmoja anamuuliza mwenzake kwa nini wako pale. Wanazunguka weee, mwisho wanaambiana ukweli: wao wana kambi pale kwa sababu Wabuluu wana kambi ng'ambo, na Wabuluu wana kambi ng'ambo kwa sababu wao wako pale. Bonde lenyewe halina kitu cha kugombaniwa.

Hivyo ndivyo ilivyoanza Red vs. Blue, tamthilia ya vichekesho kuhusu askari wa karne zijazo, iliyotolewa kwa mara ya kwanza tarehe 1 Aprili 2003 na kampuni ya Rooster Teeth ya Austin, Texas. Waliitengeneza ndani ya gemu ya Halo: waliwatembeza wahusika kama mchezaji yeyote anavyofanya, wakawatikisa vichwa ili mtazamaji ajue nani anaongea, maana nyuso zote zimefichwa na kofia za vita, kisha wakaweka sauti zao juu ya picha. Watu walicheka, na walikuwa na haki ya kucheka. Lakini ndani ya kicheko kile mlikuwa na onyo, na onyo hilo lilikomaa miaka kumi baadaye katika sehemu ya sayari ya Chorus, yaani misimu ya 11 hadi 13, kati ya 2013 na 2015.

Dalili zilikuwepo tangu mapema. Wekundu wakipiga redio makao makuu kuomba msaada, anapokea mtu anayeitwa Vic. Wabuluu nao wakipiga makao makuu yao, anapokea Vic yuleyule. Mtazamaji anacheka na kupita. Katika msimu wa mwaka 2008 ndipo ukweli unapotoka: majeshi yale mawili hayakuwa majeshi ya kweli. Yaliwekwa na mradi wa kijeshi ulioitwa Freelancer ili makomandoo wake wapate watu wa kufanyia mazoezi. Uadui wao ulitungwa ofisini na mtu asiyewahi kukanyaga bonde lile. Walioumia na kufa, waliumia na kufa kweli.

Sasa Chorus. Wekundu na Wabuluu, ambao kufikia hapo wamezoeana kama ndugu wa nyumba moja, wanaanguka na chombo chao kwenye sayari iliyotafunwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Upande mmoja kuna waasi wa Jamhuri Mpya, chini ya Vanessa Kimball, mwanamke mkali asiyependa kusubiri, aliyezika vijana wengi mno. Upande wa pili kuna Jeshi la Shirikisho, chini ya Jenerali Donald Doyle. Huyu hakuwa mpiganaji kamwe. Alikuwa karani wa brigedia. Waliokuwa juu yake wakafa mmoja baada ya mwingine mpaka cheo kikamkuta mezani kwake. Ana adabu nyingi, maneno mengi, na woga ambao hana uwezo wa kuuficha.

Kila upande umeajiri mamluki. Kimball ana Felix, mcheshi, mwepesi wa ulimi. Doyle ana Locus, mkimya wa kutisha. Wageni wetu wanagawanyika: wanne wanaokolewa na waasi, wenzao wanachukuliwa na Shirikisho, na kila kundi linaambiwa kwamba wenzao wametekwa na watu wabaya na lazima wakakombolewe kwa bunduki. Wanapokutana, wakiwa tayari kuuana na waliowateka ndugu zao, wanagundua kwamba hakuna aliyetekwa. Wote walipokelewa vizuri. Wote walisimuliwa hadithi ileile, majina tu yamebadilishwa. Na Felix na Locus ni washirika wa siku nyingi.

Aliyewatuma ni Malcolm Hargrove, mkuu wa kampuni ya Charon, mtu ambaye hadharani anaheshimika kama mtetezi wa sheria. Chini ya ardhi ya Chorus kuna silaha na mitambo iliyoachwa na viumbe wa kale. Hargrove anaitaka, na wenyeji ndio kikwazo. Kuwaua mwenyewe kungeleta maswali. Njia rahisi ni kuwaacha wauane, na pale upande mmoja unapoelekea kushinda, unapunguzwa nguvu kidogo ili mizani isilale. Wahenga wetu walishasema vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Chorus inatuonyesha kunguru asiyekaa mtini kungoja. Huyu anawalipa watu wa kuwachochea panzi.

Mtu asidhani hizi ni ndoto za waandishi wa tamthilia. Katika vita vya Iran na Iraq, vilivyodumu kuanzia 1980 hadi 1988, Marekani iliipatia Iraq taarifa za kijasusi, na mwaka 1985 na 1986 ikaiuzia Iran makombora kwa siri. Mama wa Basra na mama wa Abadan hawakuwa na namna ya kulijua hilo walipokuwa wakizika wana wao.

Ninalotaka tulitazame kwa makini ni jinsi Hargrove alivyofanikiwa, kwa sababu hakuhitaji teknolojia ya ajabu. Alihitaji tu Kimball na Doyle wasisemezane. Kila neno kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine lilipita kwenye kinywa cha mtu anayelipwa ili vita viendelee. Kimball alimjua Doyle kupitia Felix; Doyle alimjua Kimball kupitia Locus. Baada ya wageni kuwatoroka Felix na Locus, mamluki wale walirudi kila mmoja kwa bwana wake na kumwambia kwamba wageni wameuawa na adui. Viongozi wote wawili wakaamini siku hiyohiyo. Wakapeleka majeshi yao kwenye mji wa Armonia kumalizana. Hakuna hata mmoja aliyeuliza: nani ameiona maiti?

Walichokifanya Wekundu na Wabuluu ni kidogo, na ndiyo sababu nakipenda. Tucker, Mbuluu ambaye miaka yote tulimjua kwa porojo na uvivu, anamchokoza Felix mpaka anajisifu kwa mdomo wake mwenyewe, anaeleza mpango wote. Maneno yale yanarekodiwa na kurushwa hewani kwa majeshi yote mawili, katikati ya mapigano. Waasi na askari wa Shirikisho wanasikia sauti ileile kwa wakati mmoja. Bunduki zinashuka.

Hadithi nyingi zingeishia hapo, kwa kumbatio na muziki. Msimu wa 13 unakataa, na hapa ndipo panapostahili sifa zaidi kuliko pengine popote katika tamthilia hii. Kimball na Doyle sasa wanakaa mji mmoja, wanatazama ramani moja, wana adui mmoja. Na hawaelewani! Kimball anataka kushambulia, Doyle anataka kujihami. Kimball anamwona Doyle mwoga, Doyle anaona Kimball atawamaliza watu waliobaki. Wageni wanajaribu kuwasuluhisha na kushindwa, kwa namna inayochekesha sana. Askari wao, waliozoea kuwindana, wanafundishwa upya kusimama bega kwa bega huku kila mmoja akikumbuka aliyemuulia rafiki. Kusikia kwamba mlidanganywa hakufufui mtu. Nadhani wasuluhishi wengi wanaosaini karatasi asubuhi na kupanda ndege jioni wangefaidika kuzitazama sehemu hizi.

Kisha maharamia wanaomtumikia Hargrove wanaivamia Armonia. Mji hauwezi kuokolewa. Watu wanaweza, iwapo mtu atabaki kulipua kinu cha nishati adui akiwa amekwisha ingia. Anabaki Doyle, yule karani. Kimball analazimika kuondoka na watu wa pande zote mbili huku mji ukilipuka nyuma yao, na mtu aliyembishia kila kikao ndiye aliyewanunulia uhai. Baadaye Kimball anasimama mbele ya askari wale, wake na wa marehemu, na kumtaja Doyle kwa heshima ambayo hakuwahi kumpa uso kwa uso.

Kimball na Doyle walikuwa wameshajua kila kitu kuhusu Felix, Locus na Hargrove. Walikuwa na meza moja na muda wa kutosha. Hakuna mamluki aliyekuwa amekaa tena kati yao, na bado kila mmoja aliendelea kumsikia mwenzake kwa masikio aliyopewa na mamluki yule.