Marejeo ni Ngamani

Gati liliondoka, sisi tukabaki. Ndivyo nilivyoona. Nilikuwa nimeegemea ukingo wa sitaha ya juu, jioni ya Januari katika Bandari ya Rashid, Dubai, namtazama mtu mmoja kule chini aliyevaa kizibao cha rangi ya machungwa. Alivua kitanzi cha kamba kwenye nguzo ya chuma, akakiachia majini, akasimama mikono kiunoni. Kisha yeye, nguzo yake na bohari iliyokuwa nyuma yake wakaanza kusogea mbali, polepole, kama wanaovutwa kwa uzi. Juisi ya embe niliyoishika haikucheza hata kidogo.

"Tumeshaondoka, dada," mdogo wangu akasema.

"Bado," nikamjibu.

Tulikaa baharini usiku saba, tukapita Maskati na bandari nyingine za Ghuba, tukarudi palepale tulipopandia. Nilikula vyakula nisivyovijua majina, nikaona milima ya Oman ikigeuka kutoka nyeusi kuwa ya kahawia jua lilipochomoza. Lakini anayeniuliza ni dakika gani niliyoipenda kuliko zote, humtajia ile ya kamba. Hudhani namtania. Nami mwenyewe nilichukua muda kuelewa kilichonipata pale ukingoni.

Mwaka 1632 Galileo Galilei aliwaalika wasomaji wake wajifungie kwenye chumba cha chini cha meli kubwa, wakiwa na vipepeo, samaki ndani ya bakuli, na chupa inayodondosha maji tone kwa tone. Meli ikienda mwendo mmoja bila kuyumba, alisema, hakuna chochote ndani ya chumba kile kitakachokuambia kama inakwenda au imesimama. Kipepeo ataruka vilevile, tone litaangukia palepale. Alikuwa akitetea hoja kwamba hata dunia yaweza kuwa inatwendesha bila sisi kuhisi.

Mama zetu walilijua hilo bila kusoma. Mtoto aliyefungwa mbeleko hulala huku mama anatembea maili tatu. Akiamka hukuta nyumba imekuja. Sisi watu wazima tumeisahau hali hiyo, kwa kuwa kila tunakokwenda tunakwenda kwa kusukumana mlangoni mwa daladala, nauli kiganjani, jicho moja kwenye mkoba. Hata tukipata kiti, misuli yetu inaendelea kusafiri. Pale ukingoni, kwa mara ya kwanza tangu utotoni, nilipelekwa mahali bila kuchangia chochote, na mwili ukalitambua jambo hilo kabla ya akili. Raha ile ina jina la kawaida kabisa. Nilikuwa nimebebwa.

Neno hilo lina ladha mbili. Mtoto akibebwa tunatabasamu. Timu ikibebwa na refa, nusu ya uwanja inasimama kutukana. Mfanyakazi akisemwa kwamba anabebwa, huyo hana tena heshima ofisini. Halafu ipo methali inayokaa katikati ya ladha hizo mbili: mbebwa hujikaza. Anayebebwa naye ana kazi yake. Ashike, asijilegeze kama gunia la mahindi, asimwongezee uzito aliyemchukua. Kwa mtoto kazi hiyo ni nyepesi kueleza. Ninachotaka kujua ni jinsi mtu mzima, mwenye akili zake na tiketi aliyolipiwa, anavyojikaza.

Utalii wa meli ulianza kushika kasi pale meli ilipokosa kazi. Albert Ballin wa Hamburg alikuwa na meli kubwa za abiria ambazo wakati wa baridi zilikosa wateja wa kutosha wa kuvuka Atlantiki. Januari 1891 akaituma mojawapo, Augusta Victoria, kuzunguka Mediterania ikiwa na abiria 241, kisha ikarudi ilikotoka. Kazi iliyozoeleka ya meli ilikuwa kufikisha: barua, wahamiaji, askari, marobota. Hii iliwafikisha watu pale walipopandia. Sasa ukiondoa kufika, safari inabaki na nini? Inabaki na kule kubebwa kwenyewe, na ndiko kunakouzwa mpaka leo kwenye meli kama Icon of the Seas, iliyoanza kazi mwaka 2024, yenye urefu wa mita 365 na uwezo wa kuchukua abiria wapatao 7,600.

Biashara hiyo hustawi kadiri inavyoficha mgongo unaobeba. Mabaharia wa pwani walikuwa na neno la chombo kinachoyumba ubavu kwa ubavu: kimekwenda mrama. Tumelichukua neno hilo tukapanda nalo nchi kavu, na siku hizi mitihani, ndoa na bajeti ndizo zinazokwenda mrama. Meli ya kitalii imeundwa ili mrama usisikike. Ubavuni, chini ya maji, ina mapezi ya chuma yanayochomoza kama ya papa na kujipinda kila wimbi linapokuja, yakaukata ule mwinamo kabla haujafika kwenye meza za chakula. Siku yetu ya pili ilikuwa ya bahari tupu, bila bandari. Nilijilaza kwenye kiti tangu chai ya asubuhi hadi adhuhuri, na kuna saa nzima ambayo bahari ilinitoka kabisa akilini. Nilikuwa juu yake, nimeisahau.

Mara moja tu meli ilikiri kwamba ni meli. Kabla ya kuondoka Dubai kila abiria alipelekwa kwenye kituo chake cha dharura, akaonyeshwa jaketi la kuokolea na mahali pa mashua. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini ulitungwa mwaka 1914, miaka miwili baada ya kuzama kwa Titanic. Januari 2012 meli ya Costa Concordia iligonga mwamba kando ya kisiwa cha Giglio, Italia, wakafa watu 32, na baada ya hapo kanuni zikataka zoezi hilo lifanyike kabla ya kung'oa nanga au mara tu baada ya hapo. Karibu yangu watu walipiga picha na kuulizana chakula kinaanza saa ngapi. Mzee mmoja alibaki nyuma wenzake walipotawanyika. Akaomba jaketi, akalifunga, akalifungua, akalifunga tena, mara tatu, taratibu, midomo ikihesabu. Nilimwona mwoga. Baadaye nilikuja kumwona kuwa pengine ndiye abiria pekee aliyejikaza siku ile.

Wahenga walisema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni pale chini kabisa yanapokusanyika maji yanayovuja, mahali ambapo baharia huinama kuyafua. Tangu shule niliichukua methali hii kama onyo kwa wanaotangatanga. Kwenye meli ile nilikwenda tezi, nikaenda omo, nikapanda na kushuka ngazi mpaka magoti yakalalamika, na ngama sikuiona. Milango ya kushukia huko imeandikwa kuwa ni ya wafanyakazi tu.

Basi ngama ikanifuata yenyewe, usiku wa tatu, ikiwa na taulo mkononi. Kijana aliyetusafishia chumba alikuwa amezungumza nasi Kiingereza siku zote, nasi tukamjibu kwa Kiingereza. Jioni ile mdogo wangu alikuwa anapekua mizigo, akilalamika kwa Kiswahili kwamba chaja yake imeibwa.

"Iko chini ya mto," kijana akasema.

Tukaganda. "Shikamoo, mama," akaniongezea, kama mtu anayelipa deni la siku tatu.

Alikuwa wa Likoni, Mombasa. Mkataba wake ni wa miezi tisa. Ana vyumba kumi na vinane, asubuhi na jioni, na yeye mwenyewe analala na Mfilipino mmoja kwenye chumba kisicho na dirisha, chini ya usawa wa maji. Nikamuuliza anaionaje bahari ya huku ikilinganishwa na ya kwao.

"Kule tulalako hatuioni bahari, mama. Twaisikia." Akagonga ukuta kwa vifundo vya vidole, polepole, kisha haraka, kutuonyesha maji yanavyopiga chuma kukiwa shwari na kukichafuka. Kwa mlio tu hujua hali ya hewa ya juu. "Nyinyi mkilala vizuri," akasema, "sisi twajua kazi imetoka."

Akaondoka na mataulo yetu machafu. Nilikaa kitandani muda mrefu. Ile hali niliyoiita raha, kule chini iliitwa kazi. Kutosikia kwangu kulitokana na kusikia kwa mwingine. Chumba cha Galileo nacho kilikuwa na watu nje yake: mtu wa usukani, watu wa matanga, mtu wa kufua maji. Kipepeo hakuwajua, wala hawezi kulaumiwa. Mimi si kipepeo.

Asubuhi iliyofuata tulitia gati Mutrah, Maskati. Sokoni, kwenye duka la ubani, tulikuwa tunabishana bei sisi kwa sisi tuliposikia, "Msigombane, wanangu, nitawapunguzia." Mzee alizaliwa Zanzibar, akiwa mmoja wa wengi waliohamia Oman baada ya mwaka 1970. Kiswahili chake kilikuwa laini kuliko chetu.

"Wazee wetu walikuja kwenu kwa kaskazi, wakarudi kwa kusi," akasema. "Nyinyi mmekuja kwa upepo gani?"

"Upepo wa likizo," mdogo wangu akajibu, na mzee akacheka hadi akaweka chini mizani.

Abiria wa jahazi alilala juu ya mzigo, na usiku alisikia ndoo ikigonga ngamani. Hakuwa na namna ya kutojua kinachombeba. Lakini majahazi yayo hayo yalipakia pia watu ambao hakuna aliyewauliza wanakwenda wapi, na hata baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini mwaka 1873, wengine waliendelea kupitishwa kwa siri. Nao walibebwa. Hapo ndipo nilipoona sharti la kwanza la raha yangu, ambalo lilikuwa karibu mno nami hata nisilione: kubebwa ni raha kwa yule tu anayeweza kusema, nishushe. Kijana wa Likoni naye hakuwa nalo kwa ukamilifu. Mkataba wake ulibakiwa na miezi mitano.

Aliyenilipia tiketi ni mdogo wangu, anayefanya kazi Dubai. "Safari hii, dada, wewe kaa tu," aliniambia, na sababu ya maneno yale naijua mimi na yeye. Tumekulia kijiji cha ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kusini ya Kigoma, na meli yetu ilikuwa Liemba. Ilijengwa mwaka 1913 Papenburg, Ujerumani, na kiwanda cha Meyer, ambacho leo kinajulikana kwa meli za kitalii. Kabla ya kumbeba mtu, ilibebwa yenyewe: ilifunguliwa vipande, ikatiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam, ikapanda treni hadi Kigoma, ikaundwa upya na kushushwa ziwani mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wao wenyewe isitekwe, baada ya kuipaka mitambo yake grisi. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini na jina jipya.

Kijijini kwetu hapakuwa na gati. Liemba ilisimama mbali, ikapiga honi, nasi tukaifuata gizani kwa mitumbwi pamoja na magunia ya dagaa na kuku waliofungwa miguu. Mlango ulikuwa ubavuni mwa meli. Mtumbwi ukipanda na wimbi, unanyoosha mikono, ukishuka, umechelewa. Nilikuwa na miaka kumi, mdogo wangu mgongoni kwa kanga ya mama. Mtu ndani alipiga kelele nimpe mtoto kwanza, nikakataa. Mikono miwili ikanidaka vifundoni, migumu kama makasia, ikatuinua sote pamoja. Uso wa mtu yule sikuuona. Mikono yake naikumbuka.

Usiku wa mwisho wa safari yetu ya Ghuba, kijana wa Likoni aliomba kuona picha za Maskati alfajiri. Sote tulipokuwa juu tukitazama, yeye alikuwa zamu. Tukaketi watatu tukimfungulia moja baada ya nyingine, naye akitaka nirudi nyuma, nirudi tena, pale milima ilipoanza kupata rangi. Hilo halikumpunguzia vyumba. Ila kwa robo saa hatukuwa mzigo.

Nilimsimulia mdogo wangu asubuhi ile ya Liemba, ambayo yeye haikumbuki. Alipoamka kulikuwa kumepambazuka, maji pande zote. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akaniuliza, "Kijiji kimekwenda wapi?" Alikuwa amelala tangu mtumbwini, kwenye honi, kwenye wimbi, kwenye mikono ya yule mtu. Na usiku kucha, katika usingizi ule mzito, ngumi yake ilikuwa imeshika ukosi wa gauni langu, nami sikuweza kuibandua.